Kubatizwa na Kujihoji: Sakramenti, Mamlaka ya Kanisa na Imani ya Mtu Binafsi Nchini Kenya

Utangulizi

Mtu anapojitwalia cheo ambacho hakuna aliyempa, wasemaji wa Kiswahili husema amejibatiza. Kundi la vijana likijichagulia jina la kutisha, huambiwa limejibatiza jina hilo. Matumizi haya yameenea magazetini na mitaani, na aghalabu hubeba kejeli: anayejibatiza amejifanyia jambo ambalo kwa kawaida hufanywa na mwingine. Hata msikilizaji asiye Mkristo huitambua kasoro hiyo papo hapo, kwa kuwa anajua kwamba ubatizo ni jambo ambalo mtu hutendewa.

Makala hii inadhamiria kulichukua dokezo hilo la kisarufi na kulitumia kuchunguza suala ambalo limewashughulisha Wakristo wa Kenya kwa zaidi ya karne moja. Je, sakramenti ina maana gani katika imani ya mtu binafsi, na mamlaka ya kanisa yana nafasi gani baina ya mtu huyo na Mungu wake? Suala lenyewe ni la kiteolojia, na wanateolojia wameliandikia mengi. Hata hivyo, majibu ya waumini wa kawaida hayamo sana katika vitabu vya teolojia. Yamo katika matendo yao, katika safari walizofunga, na katika maneno waliyoyachagua au kuyakataa. Mifano mingi hapa imetolewa katika historia ya nchi ya Wagikuyu kati ya mwaka 1913 na miaka ya hamsini, kwa sababu huko ndiko swali hili lilikoulizwa kwa ukali zaidi.

Sarufi ya kupokea

Neno sakramenti limetokana na Kilatini, sacramentum. Kabla ya kuingia kanisani, neno hilo lilitumika kwa maana ya kiapo cha askari wa Kirumi cha kumtii mkuu wake. Tertullian wa Carthage, Mwafrika wa kaskazini aliyeandika mnamo mwaka 200, ndiye mmojawapo wa waandishi wa mwanzo kulihusisha na ubatizo: anayeingia majini ameapa. Lakini katika Biblia ya Kilatini neno hilo lilitumika pia kutafsiri neno la Kigiriki lenye maana ya siri au fumbo. Kwa hiyo tangu awali sakramenti ilikuwa na nyuso mbili. Upande mmoja ni siri ya Mungu ambayo mtu huipokea bila kuielewa yote. Upande wa pili ni kiapo ambacho mtu hujifunga nacho mbele ya mkubwa wake. Uso huu wa pili utajitokeza tena hapa chini, mahali ambapo Tertullian hangeutarajia.

Kanisa Katoliki, kwa mujibu wa Mtaguso wa Trent wa mwaka 1547, lina sakramenti saba. Wapresbiteri wanazo mbili, ubatizo na Chakula cha Bwana. Waanglikana huzitaja hizo mbili kuwa ndizo zilizoagizwa katika Injili na kuziweka tano nyingine kando kidogo, bila kuzitupa. Msamiati wa Kiswahili umezifuata tofauti hizi kwa uaminifu. Mkatoliki husema Ekaristi na huenda kukomunika; Mprotestanti husema Meza ya Bwana au Ushirika Mtakatifu, na huenda kushiriki. Mkatoliki ana padri, neno lililofika pwani pamoja na Wareno. Mwanglikana ana kasisi, neno lenye asili ya Kiarabu. Istilahi ya kipaimara nayo ni mfano mzuri wa uundaji wa maneno, kwani imeunganisha kitenzi na kivumishi, yaani kile kinachompa mtu uimara. Nalo neno daraja, linalotumika kwa sakramenti ya upadre, lina maana ya cheo na vilevile ya kivukio cha mto. Ni vigumu kuamini kwamba waliolichagua hawakulitambua hilo.

Linalovutia zaidi ni minyambuliko. Mtu hubatizwa, huwekewa mikono, hupakwa mafuta, hupewa daraja: kauli ya kutendwa imetawala. Katika kitubio, nomino iliyotokana na tubia, kauli ya kutendea inadokeza kwamba toba ina wa kuelekezewa. Katika ndoa kauli hubadilika ikawa ya kutendana: watu huoana. Jambo hili linaafikiana kikamilifu na mafundisho ya Kanisa la Kilatini kwamba watoaji wa sakramenti ya ndoa ni bwana na bibi arusi wenyewe, naye padri ni shahidi anayeipokea ahadi yao kwa niaba ya kanisa. Ama kiambishi -ji-, cha mtu kujitendea mwenyewe, hakina pa kukaa. Hata sheria ya Kanisa Katoliki, ambayo panapokuwa na hatari ya kifo humruhusu mtu yeyote kubatiza, hata yule ambaye mwenyewe hajabatizwa, mradi atumie maji na maneno yanayotakiwa na akusudie kufanya lifanywalo na kanisa, haimruhusu mtu kujibatiza. Muuguzi wa usiku anaweza kumbatiza mtoto mchanga anayekata roho. Mgonjwa aliye peke yake hawezi kujimwagia maji yale akahesabiwa amebatizwa.

Hata hivyo, -ji- haikufukuzwa kabisa mezani. Mtume Paulo, akiwaandikia Wakorintho kuhusu mkate na kikombe, aliwataka wajichunguze kwanza kabla ya kula, na tafsiri ya Biblia ya Union iliyotoka mwaka 1952 imetumia hapo kitenzi kujihoji. Basi palipo na sakramenti pana vitenzi viwili. Kimoja ni cha kutendwa nacho huhitaji mkono wa mwingine, na hapo ndipo mamlaka ya kanisa yanapoingia. Kingine ni cha kujitendea, na hapo ndipo dhamiri ya mtu ilipo. Sehemu kubwa ya migogoro itakayosimuliwa ilizuka pale ambapo upande mmoja ulitaka kufanya kazi ya mwingine.

Meza ya Thogoto, 1913

Mnamo Juni 1913 wamishonari wa madhehebu kadhaa ya Kiprotestanti walikutana katika misheni ya Kanisa la Scotland huko Thogoto, Kikuyu, kujadili namna ya kuyaunganisha makanisa yao katika shirikisho. Tatizo lao lilikuwa la kiutendaji. Mwongofu aliyebatizwa na Wapresbiteri huko bara alipohamia mahali penye Waanglikana tu, je, aketi mezani au abaki nje? Waafrika walikuwa wameanza kuhamahama kutafuta kazi, nayo mipaka ya madhehebu waliyochorewa ilitokana na magomvi ya Ulaya ambayo wao hawakuyashuhudia.

Mkutano ulipomalizika, Askofu William George Peel wa Mombasa aliongoza ibada ya Ushirika Mtakatifu kwa kufuata kitabu cha sala cha Waanglikana, katika kanisa la Wapresbiteri, na waliopokea hawakuwa Waanglikana peke yao. Askofu John Jamieson Willis wa Uganda alikuwapo. Habari zilipomfikia Frank Weston, askofu wa Kianglikana wa Zanzibar, aliwashtaki wenzake wawili kwa Askofu Mkuu wa Canterbury, Randall Davidson, kwamba wamefanya uzushi na kuleta mfarakano. Uingereza nzima ya kidini ikalitamka jina la Kikuyu, ambalo hapo awali wengi hawakuwa wamelisikia.

Hoja ya Weston haikuwa ya ukaidi mtupu, ingawa imezoeleka kuelezwa hivyo. Alishikilia kwamba askofu, aliyewekewa mikono na askofu aliyewekewa mikono na mwingine kurudi hadi kwa mitume, ndiye anayelihakikishia kanisa kwamba linachokipokea kimetoka kwa Kristo. Pasipo askofu, kwa maoni yake, watu wanaweza kuwa na imani, sala na mapendo, lakini hawana hakika ya meza. Davidson alichukua muda, vita vya 1914 vikaingia kati, na jibu lake la mwaka 1915 likawa la tahadhari. Hakuwahukumu Peel na Willis. Aliruhusu Wakristo wa madhehebu mengine wakaribishwe katika mazingira ya kimisheni. Lakini aliona kwamba ibada kama ile ya Thogoto isirudiwe. Kwa maneno mengine, kila upande ulipewa kitu cha kwenda nacho nyumbani.

Yapo mambo mawili ya kuzingatiwa hapa. Kwanza, mjadala mzima kuhusu nani apokee sakramenti katika Afrika Mashariki uliendeshwa na wamishonari na maaskofu wa Kizungu. Mwongofu alikuwa mada ya mjadala, hakuwa msemaji wake. Pili, waongofu wa Thogoto hawakukaa muda mrefu kabla ya kutoa jibu lao, na jibu hilo lilimwelekea Weston kuliko alivyoelekewa na maaskofu wenzake.

Kidole gumba

Mwaka 1929 misheni ya Thogoto iliyoongozwa na Dkt. John W. Arthur, pamoja na Africa Inland Mission na Gospel Missionary Society, iliwataka waumini wake watamke au kutia alama kwenye tamko la kuikana tohara ya wanawake pamoja na chama cha Kikuyu Central Association. Wasiojua kuandika walitia kidole gumba, na ndipo jambo zima likaitwa kirore kwa Kigikuyu. Waliokataa walitengwa na Meza ya Bwana. Watoto wao waliondolewa shuleni, na watoto wachanga waliozaliwa baada ya hapo hawakubatizwa. Makanisa yalibaki matupu katika muda wa majuma machache.

Kuhusu tohara ya wanawake yenyewe, historia imewapa wamishonari haki: sheria ya Kenya ya mwaka 2011 imeiharamisha, na hoja zao za kiafya zilikuwa za kweli. Ila mtu anaweza kuwa na haki juu ya jambo na bado akakosea katika chombo anachokitumia. Sakramenti ilitumiwa mwaka 1929 kuwa ufunguo wa kufungia mlango, na kiapo cha kidole gumba kikawekwa mbele ya maji ya ubatizo. Hapa uso wa pili wa neno sacramentum ulirudi: kiapo cha utii kwa mkuu. Zaidi ya hayo, tamko hilo liliunganisha desturi ya mwili na uanachama wa chama cha siasa, kana kwamba vyote viwili vilikuwa dhambi ya aina moja. Muumini hakuachiwa nafasi ya kujihoji. Alihojiwa na jibu likaandikwa kabla hajalitoa.

Mara nyingi husimuliwa kwamba waliotoka waliiacha dini ya wazungu na kurudi kwenye mila. Wapo waliofanya hivyo. Lakini wengi walianzisha shule zao chini ya Kikuyu Independent Schools Association, yaani KISA, na chama cha Karing'a, na ndani ya shule hizo walisali Jumapili na kuwafundisha watoto katekisimu. Kilichokosekana kilikuwa kimoja. Wazazi walikuwa na watoto ambao hawakubatizwa na vijana waliotaka kufunga ndoa ya Kikristo, lakini hawakuwa na mtu wa kuwabatiza wala kuwafungisha.

Lilikuwepo jibu jepesi. Katika eneo hilo walikuwapo watu waliokwisha kuwa wazee wa kanisa, wenye kuijua Biblia kwa moyo, wenye heshima katika jamii. Kwa nini wasimchague mmoja wao na kumwambia abatize? Hakuna polisi ambaye angekuja kumzuia mzee kumwagia mtoto maji. Hata hivyo, viongozi wa shule hizo hawakuridhika na njia hiyo. Kwanza walimwendea askofu wa Kianglikana wa Mombasa wakiomba watu wao wafunzwe na kuwekewa mikono, ila hawakuafikiana juu ya masharti. Ndipo wakatazama mbali zaidi.

Mkono kutoka mbali

Daniel William Alexander alikuwa askofu mkuu wa Kanisa la African Orthodox huko Afrika Kusini, na makao yake yalikuwa Beaconsfield, Kimberley. Mwaka 1932, alipokuwa Uganda, alimpa upadre Reuben Spartas, ambaye miaka mitatu kabla ya hapo alikuwa ametangaza kuliacha kanisa la Anglikana. Alipokuwa safarini kurudi kwao kupitia Mombasa, habari zake ziliwafikia Wagikuyu. KISA ilichangisha nauli. Alexander aliwasili Novemba 1935, akafungua seminari huko Gituamba, Murang'a, akafundisha wanafunzi wachache, akazunguka akibatiza, na katikati ya mwaka 1937 akawapa daraja takatifu na kuondoka.

Inafaa kuufuata mkono wa Alexander kurudi nyuma. Yeye aliwekwa wakfu huko Boston mwaka 1927 na George Alexander McGuire, mzaliwa wa visiwa vya Karibi aliyekuwa karibu na vuguvugu la Marcus Garvey. McGuire aliwekwa wakfu huko Chicago mwaka 1921 na Joseph René Vilatte, Mfaransa kwa asili ambaye makanisa makubwa hayakumtambua. Vilatte naye aliwekewa mikono huko Ceylon mwaka 1892 katika tawi la Kanisa la Kisiria la Antiokia. Basi mtoto aliyebatizwa Gituamba mwaka 1937 na kasisi mpya aliunganishwa, kwa mnyororo wa mikono uliopitia Kimberley, Boston, Chicago na Ceylon, na mji ambao wanafunzi wa Yesu waliitwa Wakristo kwa mara ya kwanza, bila mkono hata mmoja kupitia Canterbury, Roma wala Edinburgh.

Wapo watakaoucheka mnyororo huo, na kwa hakika wanasheria wa kanisa waliutilia shaka pete baada ya pete. Lakini kwa madhumuni ya makala hii, uhalali wake si muhimu kuliko ukweli kwamba watu wa kawaida, wakulima waliochanga senti, waliuona kuwa wa lazima. Walilelewa na Wapresbiteri, kanisa lisilo na maaskofu, na wangeweza kuendelea bila askofu. Kumbe walikuwa wamelielewa jambo ambalo Weston alilitetea kutoka Zanzibar bila kuwasikiliza: kwamba mamlaka yanayotoka nje ya jamii ni ulinzi pia. Mzee aliyejiteua angekuwa mtu wa ukoo fulani na wa bonde fulani, na ubatizo wake ungekuwa na mipaka ya bonde hilo. Mtu aliyewekewa mikono angeweza kubatiza popote. Na jambo la msingi zaidi, hakuna misheni ambayo ingeweza kuuchukua tena upadre huo. Walitaka kubatizwa, hawakutaka kujibatiza.

Mgawanyiko ulifuata upesi. Wa KISA walianzisha kanisa linalojulikana kama African Independent Pentecostal Church of Africa. Wa Karing'a, wakiongozwa na padri Arthur Gatung'u Gathuna, walibaki na jina la Orthodox. Nako Uganda, Spartas alianza kuutilia shaka upadre aliopewa, baada ya Mgiriki mmoja aliyeishi huko kuiona ibada ya ubatizo na kugundua kwamba sivyo Waorthodoksi wanavyobatiza. Badala ya kuyafumba macho, Spartas aliandika barua hadi Alexandria. Mwaka 1946 Patriaki wa Alexandria aliwapokea, Gathuna na watu wake wakiwamo. Safari ya kuutafuta mkono wa kuaminika ikawa imeanzia Murang'a, ikazunguka dunia, na kuishia katika bara lilelile la Afrika, kwenye kiti ambacho mapokeo yanakihusisha na Mtakatifu Marko.

Makaribisho hayo hayakumaliza ugomvi na mamlaka. Hali ya hatari ilipotangazwa mwaka 1952, serikali ilizifunga shule na makanisa ya KISA na Karing'a, na Gathuna akawekwa kizuizini. Mwaka 1973 alifanywa askofu msaidizi. Miaka michache baadaye alitofautiana na wakubwa wake akavuliwa madaraka. Aliyewasaidia watu wake kuupata mkono wa mbali alitambua kwamba mkono huo nao unaweza kukunjwa.

Kikombe na kiapo

Wakati mnyororo wa Alexander ukiendelea kuhojiwa, Uamsho uliotoka Gahini, Rwanda, ulikuwa umekwisha kuingia Kenya, kuanzia mwaka 1937. Watu wa Uamsho, wanaotambulikana kwa wimbo wa Tukutendereza, hawakujishughulisha na nasaba za maaskofu. Kwao swali lilikuwa kama mtu ameokoka au la. Waliungama dhambi hadharani mbele ya ndugu, si faraghani mbele ya padri, na walimhoji hata kasisi wao kama anatembea katika nuru. Ukiwatazama kwa haraka utadhani kwamba hapa ndipo imani binafsi ilipoyashinda mamlaka ya kanisa. Lakini wengi wao hawakutoka katika makanisa yao. Walibatiziwa watoto, walikwenda mezani, na ushirika wa ndugu nao ukawa na mamlaka yake: aliyeitwa vuguvugu alijua ameambiwa nini.

Uzito wa kikombe kwao ulidhihirika wakati wa vita vya Mau Mau. Miongoni mwa Wakristo waliokataa kula kiapo, wapo waliotoa sababu iliyo ya kisakramenti kabisa: waliokwisha kuinywa damu ya Kristo hawawezi kuongeza damu nyingine. Baadhi yao waliuawa kwa kukataa huko. Haifai kuligeuza jambo hili kuwa hukumu ya upande mmoja, maana waliokula kiapo walikuwa na dhuluma halisi ya kulipiza, na wengi wao walikuwa watoto wa wale waliofungiwa mlango mwaka 1929. Linalosisitizwa ni kwamba Meza ya Bwana ilichukuliwa kuwa kiapo kamili, cha maisha na kifo, na watu ambao hawakuwa wamesikia habari za askari wa Kirumi. Na safari hii hakuna kanisa lililowatia kidole gumba. Walijihoji wenyewe.

Huko Murang'a, kanisa kuu la Kianglikana la Mtakatifu James lilijengwa kuwa kumbukumbu ya waliouawa. Mwaka 1959 msanii Elimo Njau alichora humo michoro mitano ya ukutani. Miongoni mwake mna ubatizo wa Yesu na karamu ya mwisho, na wahusika wote ni Waafrika katika mandhari ya matuta na mabonde ya hukohuko. Katika wilaya hiyohiyo ndiko Gituamba iliko.

Wasio na maji

Haitakuwa sawa kuonyesha kana kwamba Wakenya wote walikubali kuwa pasipo mkono hakuna neema. Mwaka 1902 vijana watatu wa Kimarekani wa dhehebu la Marafiki, yaani Quaker, walifika Kaimosi. Marafiki hawabatizi kwa maji wala hawana meza ya mkate na divai, kwa kuwa wanaamini kwamba ubatizo wa kweli ni wa Roho, moyoni. Leo Kenya ina Quaker wengi kuliko nchi nyingine yoyote duniani. Jeshi la Wokovu, lililoanza kazi nchini mwaka 1921, halitumii sakramenti pia. Kiswahili cha waumini hawa kina mvuto wake: hawabatizwi kwa maji, ila huapishwa, huandikwa, huvikwa sare, hupokewa katika mkutano. Maji yameondoka; kauli ya kutendwa imebaki.

Legio Maria, iliyozaliwa Nyanza mwaka 1963 chini ya Simeo Ondeto na Gaudencia Aoko, inaonyesha mwelekeo mwingine. Waliachana na mamlaka ya Roma, lakini wakaendelea na Misa, mavazi na Kilatini, hata baada ya Roma yenyewe kuruhusu Misa isomwe katika lugha za watu. Aoko, mwanamke ambaye Kanisa Katoliki lisingempa daraja, alibatiza makundi makubwa ya watu kwa mkono wake. Hakuna aliyesema kwamba waliobatizwa naye wamejibatiza.

Waliobaki kwenye viti

Katika parokia nyingi za Kenya, wakati wa komunyo viti havibaki vitupu. Kuna mama aliyeolewa kimila, mahari ikatolewa, watoto wakazaliwa na kusomeshwa, naye ni mwanachama hodari wa jumuiya ndogondogo na ndiye anayefagia kanisa siku ya Jumamosi. Ndoa yake haikufungwa mbele ya padri, pengine kwa kuwa mume hataki, pengine kwa gharama za arusi. Kwa hivyo hakomuniki. Kanisa halimwiti mpagani wala halimfukuzi. Limemwekea tu mpaka mahali hapo. Yeye mwenyewe mara nyingi huutetea mpaka huo kuliko padri anavyoutetea, na akiulizwa husema bado hajatengeneza mambo yake.

Kuna wanaoliona jambo hili kuwa mwendelezo wa kirore, na hoja yao haiwezi kupuuzwa: hapa tena desturi ya Kiafrika inaamuliwa na asiyeiishi. Lakini tofauti ipo. Mama huyu hakulazimishwa kutia alama popote, na njia iliachwa wazi. Parokia na dayosisi kadhaa hufungisha ndoa za wengi kwa siku moja, na wazee wenye wajukuu husimama pamoja wakaoana mbele ya madhabahu, kisha wakakomunika kwa mara ya kwanza baada ya miongo kadhaa. Anayewatazama wakirudi vitini hawezi kusema kwamba kilichotokea ni utaratibu wa karatasi tu.

Wale ambao siku yao haijafika, katika baadhi ya parokia huruhusiwa kujipanga pamoja na wengine. Hufika mbele wakiwa wamekunja mikono kifuani, kuwa ishara kwamba hawapokei, naye padri huwawekea mkono kichwani au kuwafanyia ishara ya msalaba. Kitendo hicho hakimo katika orodha ya sakramenti, na Kiswahili hakijakipa jina maalumu. Wenyewe husema tu kwamba wamekwenda kubarikiwa.